Bega limegoma na picha iko safi: jibu kwa msomaji wa Likoni

Swali: Assalam aleikum, daktari. Mimi ni mama wa miaka 53, nafanya biashara ya mahamri na viazi karai hapa Likoni. Bega la kushoto laniuma, mwezi wa saba huu. Sikuanguka wala sikugongwa, lilianza polepole tu. Usiku siwezi kulalia upande huo. Sidiria nafungiwa na binti yangu, na hata buibui sivai bila kusaidiwa. Nimepiga eksirei nikaambiwa mifupa ni mizima. Nimechomwa sindano duka la dawa mara nne, kila mara napata nafuu siku mbili tatu, kisha yarudi. Nimekandwa kwa mafuta ya nyonyo, nimefanyiwa hijama. Nina sukari mwaka wa sita, natumia metformin. Jirani mmoja asema ni moyo kwa vile ni kushoto, mwengine asema ni baridi ya feni. Hili bega lina nini?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu. Barua yako ina mambo mawili ambayo wagonjwa wengi huyaacha nje: kwamba mkono umekataa kwenda nyuma, na kwamba una sukari. Kwa hayo mawili, kabla sijakugusa, shaka yangu ya kwanza ni bega lililoganda. Nasema shaka kwa sababu bega halipimwi kwa barua. Lakini kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya nyumbani leo jioni, na litatuambia mengi kuliko ile eksirei.

Simama mbele ya kioo. Bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje kwa pembe ya mraba, viganja vitazamane. Sasa fungua mikono kwa nje, kila mmoja upande wake, bila kiwiko kuachana na ubavu. Wa kulia utakwenda mbali. Angalia wa kushoto umekomea wapi. Kisha mwite binti yako. Akishike kiwiko cha kushoto kisitoke ubavuni, na kwa mkono wake mwengine ausukume mkono wako kwa nje, taratibu, wewe ukiwa umeulegeza kabisa.

Mtu aweza kushindwa kupeleka mkono mahali kwa sababu msuli au kano inauma, au imechanika. Huyo akisaidiwa na mwengine, mkono huenda. Lakini mkono uliokomea palepale hata ukisukumwa, umezuiwa na kiungo chenyewe. Ikiwa wako wa kushoto hauendi nje hata nusu ya ule wa kulia, na binti yako akisukuma hapati hata kidogo cha kuongeza, basi umekaribia sana jibu lako.

Hili ndilo swali ninaloanza nalo kwa kila mwenye bega, nalo ndilo hurukwa mara nyingi. Mgonjwa anaulizwa panauma wapi, anaonyesha bega, anaandikiwa dawa ya maumivu, anakwenda zake. Hakuna aliyemzungusha mkono. Nimewaona watu waliopita mikono ya wahudumu watatu au wanne, wana bahasha iliyojaa karatasi, na kwenye karatasi zote hizo hamna sentensi moja inayosema mkono unafika wapi na umepoteza mwendo gani.

Sasa nikueleze kinachotendeka ndani. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kimeegemea kishimo kidogo kilicho kwenye kombe la bega. Kishimo hicho hakina kina, ndiyo sababu bega huzunguka pande nyingi kuliko kiungo chengine chochote mwilini, na ndiyo sababu pia huteguka upesi. Kinachokizuia kichwa kisitoke ni misuli minne ambayo kano zake zimekizunguka, na ndani ya kano hizo kuna mfuko mwembamba uliokifunga kiungo chote. Chini ya mfuko huo, upande wa kwapani, pana mkunjo wa ziada unaofanya kazi ya kikwapa cha kanzu, yaani kuuachia mkono nafasi ya kupanda. Bega likiganda, mfuko huo hupata uvimbe, halafu hunenepa na kurudi mithili ya kanzu ya pamba iliyofuliwa kwa maji ya moto, na kile kikwapa kinapotea. Mifupa haikufanya lolote. Eksirei yaona mfupa, mfuko haiuoni, ndiyo maana ukaambiwa u mzima.

Hiyo haimaanishi kwamba pesa ya picha uliitupa. Yako mambo mengine yanayozuia mkono kwenda nje hata ukisukumwa, nayo ni kiungo kilicholika na bega lililoteguka kwa nyuma. La pili huwapata hasa waliopigwa na umeme au walioshikwa na degedege la kifafa, na huweza kupita bila kutambuliwa. Picha, ikiwa ilipigwa sawasawa, imeyaondoa hayo. Muombe tu daktari aitazame tena picha yenyewe, asitosheke na ile karatasi ya majibu, na ahakikishe ilipigwa kwa pande mbili. Picha ya upande mmoja inaweza kulificha bega lililoteguka kwa nyuma.

Aliyelipa tatizo hili jina la bega lililoganda ni daktari wa upasuaji wa Boston, Ernest Codman, mwaka 1934, naye hakuficha kwamba ni gumu kulieleza na gumu kulitibu. Huwashika zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kama lilivyoanza lako, bila kuanguka wala kisa chochote. Huwapata pia waliokaa na mkono umefungwa muda mrefu baada ya kuvunjika, waliopata kiharusi, waliopasuliwa titi, na wenye matatizo ya tezi ya thairoidi.

Lakini juu ya wote hao wako wenye sukari. Katika watu wa kawaida, ni 2 hadi 5 katika kila 100 wanaopata bega la aina hii maishani. Kwa wenye kisukari hesabu hupanda hadi 10 au 20 katika kila 100. Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi, hujishika na nyuzi zinazojenga kano na mifuko ya viungo, nyuzi zikawa ngumu na kupoteza ulaini wake. Jaribu jambo jengine sasa hivi: kutanisha viganja vyako mbele ya kifua, vidole na viganja vigusane vyote. Ukiona vidole vimebaki na uwazi katikati, havitaki kunyooka vikalala juu ya vyenzao, ni sukari ileile imefika kwenye mikono. Na kidole kinachokwama ukikikunja, kikafunguka kwa kishindo, mara nyingi ni ndugu wa jambo hilohilo.

Kwa hiyo kabla ya sindano nyengine yoyote, nataka upime sukari ya miezi mitatu, kile kipimo cha damu kinachoitwa HbA1c. Sukari ya kidole uliyopima asubuhi moja hainiambii kitu, kwa sababu wengi wetu hujibana siku mbili kabla ya kliniki. HbA1c haidanganywi. Kwa wengi tunalenga chini ya asilimia 7. Nimewaona kina mama kadhaa waliokuja kwa sababu ya bega, na bega ndilo lililofichua kwamba metformin peke yake haitoshi tena. Siku hiyohiyo waombe pia wakupime thairoidi, presha na figo. Sababu ya figo utaiona hapo mbele.

Kuhusu feni, mwambie jirani kwamba upepo wa feni waweza kuukaza msuli wa shingo ukaamka nao asubuhi, na kufikia mchana ukaachia. Miezi saba si kazi ya feni. Na kwa joto la Mombasa la Februari na Machi, sina moyo wa kumwambia mtu azime feni kwa kosa ambalo haikulifanya.

La moyo si la kuchekwa, hata hivyo. Jirani amekosea kwa bega lako, lakini kanuni anayoifuata ina ukweli. Maumivu ya moyo huweza kupanda begani, mkononi na kwenye taya. Tofauti ni kwamba hayajali mkono umeupeleka wapi. Hufuata kazi ya mwili mzima. Unashuka feri, unapanda ule mwinuko pamoja na watu, kifua kinabana, bega linauma, pumzi inakatika, jasho la baridi linatoka. Unasimama kidogo, yanatulia. Ukipata hayo, hata mara moja, usisubiri kliniki ya bega, nenda ukapimwe moyo siku hiyo. Wenye sukari, na wanawake hasa, mara nyengine hupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua, wakahisi uchovu, kichefuchefu na pumzi fupi tu. Bega lako linalouma unapofunga sidiria na kutulia unapouacha mkono ulale mapajani halina sura hiyo.

Sasa tuseme binti yako amesukuma na mkono umekwenda vizuri, wewe mwenyewe ndiye unayeshindwa kuupandisha. Hapo mfuko hauna kosa, tunageukia zile kano za misuli minne. Hizi ndizo zinazoongoza kwa kuleta maumivu ya bega kwa watu wazima, tena zaidi kwa wanaofanya kazi mikono ikiwa juu ya mabega: fundi wa rangi, anayepanga mizigo kwenye ghala, hamali wa Kongowea anayejitwisha gunia. Mwenye kano mbovu hupandisha mkono kwa ubavuni, na unapokaribia kufika usawa wa bega huumia vibaya, kisha akiuvusha juu zaidi maumivu hupungua. Usiku pia huuma, hasa ukiulalia. Kano ikiwa imechanika kweli, mtu akikupandishia mkono na kuuachia, huanguka.

Jambo moja kuhusu kano zilizochanika lawatia watu hofu bure. Kadiri umri unavyokwenda, kano hizi hulika na kutoboka hata kwa watu wasio na maumivu yoyote. Ukiwaingiza wazee wa miaka 70 wasiolalamika bega kwenye MRI, mashine inayopiga picha ya nyama na kano pamoja na mifupa, wengi utawakuta na mchaniko. Kwa hiyo karatasi ikisema kano imechanika, hiyo si amri ya kupasuliwa. Huulizwa kwanza ilichanika lini, kwa kuanguka au kwa umri, na mkono una nguvu kiasi gani. Kijana aliyeanguka kwenye pikipiki na papo hapo akashindwa kuinua mkono, huyo asikawizwe. Mzee wa maumivu ya miezi kadhaa huanza na mazoezi, na wengi wao hayo huwatosha.

Kuna kano inayojaza chokaa ndani yake. Hii huja kwa ukali wa kumliza mtu mzima usiku mmoja, na eksirei huionyesha bayana, kwa hiyo yako tumeshaiondoa. Na pale juu kabisa, mtulinga unapokutana na kombe la bega, pana kiungo kidogo ambacho huumia kwa wabeba mizigo na wanyanyua vyuma. Mwenye tatizo hilo hukuonyesha kwa kidole kimoja, papo hapo, na huumia akivuka mkono kifuani kushika bega la pili.

Shingo ndiyo mdanganyifu mkubwa. Mshipa wa fahamu ukibanwa shingoni, maumivu hutua begani na mtu akaapa kwamba bega ndilo lenye kosa. Ishara zake ni kwamba maumivu yanavuka kiwiko kushuka chini, vidole vinachonyota au kufa ganzi, shingo ikigeuzwa mkono unashtuka, na ajabu yake ni kwamba wengi hupata nafuu wakiweka kiganja juu ya kichwa. Mwenye bega lililoganda hata kukifikisha kiganja kichwani hawezi.

Kwa sisi wa Mombasa lazima nitaje chikungunya. Mlipuko ulioanza mwishoni mwa 2017 ukaingia 2018 uliwaacha watu wengi mjini na viungo vinavyouma kwa miezi, na baadhi yao muda mrefu zaidi. Lakini hiyo huanza na homa kali ya ghafla, na hushika viungo vingi pamoja, vifundo vya mikono, vidole, vifundo vya miguu, mara nyingi pande zote mbili. Bega moja peke yake, bila homa, si tabia yake. Hivyohivyo ugonjwa wa baridi yabisi: huamka na wewe asubuhi, vidole vimevimba, huchukua zaidi ya nusu saa kulegea.

Pwani yetu pia ina seli mundu, na hili nawaandikia wazazi watakaosoma jibu hili kuliko wewe. Kijana mwenye seli mundu akilalamika bega au nyonga kwa wiki kadhaa, inawezekana kichwa cha mfupa kimekosa damu na kinakufa. Mwanzoni eksirei yaweza kutoka safi kabisa. Hapo ndipo MRI ina kazi ya kweli.

Yapo maumivu mengine yanayokuja begani kwa kuazima tu. Mawe ya nyongo huuma ubavu wa kulia na kupanda bega la kulia, hasa baada ya chakula cha mafuta. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, ikipasuka, damu huchokoza kiwambo cha chini ya mapafu na mwanamke akahisi maumivu kwenye ncha ya bega. Mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye tumbo linalouma, kizunguzungu na bega, akimbizwe hospitali. Uvimbe wa saratani juu kabisa ya pafu, kwa mvutaji sigara, huuma begani na kushuka mkono upande wa kidole kidogo, jicho la upande huo likalegea kope. Kifua kikuu nacho hakikai kifuani pekee: huweza kuingia kwenye kiungo cha bega, kikala mfupa polepole, misuli ya bega ikasinyaa, pamoja na kukonda, homa za jioni na jasho la usiku. Na bega lililovimba, la moto, lenye homa na lisilotaka kuguswa ni usaha kiungoni mpaka ithibitishwe vyenginevyo. Wenye sukari hupata hilo kuliko wengine, na hilo ni la kwenda usiku uleule, si la kusubiri kupambazuke. Ukiwa na dalili yoyote katika hizi, au umewahi kutibiwa saratani, au unahisi kivimbe kwenye titi au kwapa, sema siku ya kwanza kabisa unapoonana na daktari.

Nirudi kwako. Nikichukulia kwamba jaribio la kioo limekwenda nilivyotabiri, una nini mbele yako?

Bega lililoganda hupita katika vipindi vitatu vinavyoingiliana. Kwanza maumivu, hasa ya usiku, mkono ukizidi kukaza. Kisha maumivu hupungua na mkazo hubaki. Halafu mkono huanza kuachia kidogo kidogo. Safari nzima kwa kawaida huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wenye sukari huwa upande wa muda mrefu, tena huweza kubaki na ukazo kidogo. Bega hilohilo ni nadra kushikwa mara ya pili, ila la kulia laweza kupata zamu yake miaka ya mbele, na sukari iliyodhibitiwa ndiyo kinga ya maana uliyonayo. Wewe naona uko kati ya kipindi cha kwanza na cha pili, kwa sababu usiku bado unaumia.

Hilo ni muhimu kwa habari ya kukandwa. Mkandaji anayeuvuta mkono kwa nguvu ili uachie, katika kipindi cha maumivu, anauchokoza mfuko uliokwisha kuvimba. Uholanzi mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 77 wa bega lililoganda: waliofanya mazoezi mepesi ndani ya mpaka wa maumivu walikuwa na mabega mazuri zaidi baada ya miaka miwili kuliko waliovutwa na kunyooshwa kwa nguvu. Mafuta ya nyonyo juu ya ngozi hayana ubaya, na kupapaswa misuli ya shingo kwaweza kukupa usingizi. Kuvutwa, kataa. Hijama sitaibishia kwa anayeiona ni sunna, ila kwa mwenye sukari kila chale ni mlango wa vijidudu, basi wembe uwe mpya na ngozi isafishwe, na usitarajie kwamba itaufikia mfuko wa kiungo.

Zile sindano nne ndizo zinazonikera. Sindano ya makalioni inayouzwa madukani kwa maumivu aghalabu ni diklofenaki. Hutuliza siku moja au zaidi, haigusi chanzo, na kwa mwenye sukari ina deni upande wa figo, tumbo na presha, zaidi akiwa anameza pia dawa za presha. Ndiyo maana nimetaka figo zipimwe. Nyakati nyengine huchanganywa na steroidi, dawa kali ya kushusha uvimbe, na hapo sukari hupaa bila wewe kujua sababu. Vidonge visivyo na jina na unga unaoambiwa ni mitishamba mitupu, kisha maumivu yote yakaisha usiku mmoja, vitilie shaka hiyohiyo. Kwa sasa tumia paracetamol, gramu moja, hasa kabla ya kulala, isizidi mara nne kwa siku. Si kali, ila haikuachii deni, mradi ini lako ni zima.

Sindano ya kiungoni ni jambo jengine kabisa. Hiyo ni steroidi inayotiwa ndani ya mfuko wa bega na daktari anayeijua kazi hiyo, na hufaa zaidi mapema, wakati maumivu bado ndiyo yanayotawala. Hukupa wiki kadhaa za nafuu, na nafuu hiyo ndiyo nafasi ya kufanya mazoezi. Kwako ina bei yake: sukari itapanda kwa siku chache, pengine wiki nzima. Haikatazwi, lakini mpango uwepo kabla, upime asubuhi na jioni, ujue utampigia nani ikivuka kiwango. Sukari ikiwa tayari iko juu sana, tunaishusha kwanza ndipo tunachoma.

Mazoezi yenyewe hayahitaji kifaa. Kanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto dakika kumi, binti yako akipima joto kwa mkono wake, maana ngozi ya mwenye sukari huweza kuungua bila kuhisi. Kisha inama, mkono wa kulia ukiegemea meza, wa kushoto uning'inie kama hauna mwenyewe. Yumbisha kiwiliwili ili mkono uzunguke vijiduara vidogo, dakika moja au mbili. Zoezi hili nalo ni la Codman. Halafu lala chali, kiwiko cha kushoto juu ya leso iliyokunjwa kando ya ubavu, shika mti wa ufagio kwa mikono yote miwili, na mkono wa kulia uusukume wa kushoto kwa nje. Ukifika unapokaza, baki hapo sekunde kumi au kumi na tano, rudi. Mara kumi. La mwisho, keti mezani, viganja juu ya leso, uteleze mbele kwa kuinamisha mwili mpaka bega livutike kidogo. Asubuhi, mchana na usiku. Lile la kuvuta mkono mgongoni kwa taulo, ambalo kila mtu hulikimbilia, liache kwanza hadi usiku utulie.

Kipimo chako ni hiki: maumivu yakitulia ndani ya dakika chache baada ya zoezi, umefanya sawa. Yakikukesha, umezidisha, punguza nusu kesho yake. Na usiufunge mkono kwa leso shingoni kutwa nzima ukidhani unaupumzisha.

Kwa maisha ya kila siku, kuvaa anza na mkono mgonjwa, kuvua umalizie na huo. Sidiria tafuta ya kufunga mbele. Lalia upande wa kulia ukikumbatia mto, au chali na mto chini ya mkono usianguke nyuma. Katika swala, takbira ifike unapofika. Sufuria kubwa na debe la mafuta viteremshe kutoka rafu ya juu. Kukanda unga endelea, meza iwe fupi ili kiwiko kikae karibu na ubavu. Biashara haikukuletea hili, na kuiacha hakutaliondoa.

Ikiwa baada ya miezi mingi ya mazoezi na sindano ya kiungoni mkono bado umegoma, kuna kuujaza mfuko maji ya chumvi ili utanuke, kuna kunyoosha bega mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa, na kuna kuukata mfuko kwa kamera ndogo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2020, wenye wagonjwa 503, ulilinganisha upasuaji wa kamera, kunyoosha chini ya dawa ya usingizi, na mazoezi pamoja na sindano, na baada ya mwaka hakuna njia iliyozipita nyenzake kwa kiwango cha kuleta tofauti kubwa kwa mgonjwa. Kwa hiyo mtu akikuandikia upasuaji siku ya kwanza, una haki ya kuuliza haraka ni ya nini.

Anzia hospitali ya Likoni, uombe rufaa ya fiziotherapia, au vuka uende Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, ambako utapata mifupa, fiziotherapia na kliniki ya sukari mahali pamoja. Hakikisha usajili wako wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla ya siku ya kliniki. Beba picha yenyewe, daftari la sukari na majina ya kila dawa uliyochomwa. Duka la dawa likikataa kukutajia, hilo nalo ni jibu. Waambie kwa maneno haya: mkono hauendi nje hata nikisukumwa. Na ukiandikiwa MRI kabla mtu yeyote hajakuzungusha mkono, muulize kwanza anatafuta nini.